Tofali Lisilo na Nyasi: Nani Anawanyima Wanyonge wa Buha Nyumba Imara?

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 5, tunasoma habari za amri ya kikatili. Farao aliwakataza wasimamizi wake wasiwape tena wana wa Israeli nyasi za kufanyia matofali. Waende wakazitafute wenyewe, na hesabu ya matofali ya kila siku isipungue hata moja. Wahubiri wengi hukazia uzito wa mzigo ule, nao hawakosei. Lakini lipo jambo moja ambalo hupitwa kwa haraka. Farao, wasimamizi wake na watumwa wake walijua wote kwamba tofali la udongo huhitaji nyasi. Dhuluma haikuwa katika kujenga kwa udongo na nyasi. Dhuluma ilikuwa katika kudai tofali lile lile huku kilicho cha lazima kimezuiliwa.

Ndugu msomaji, dhuluma ya namna hiyo haikuzikwa Misri. Ipo katika nyanda za juu za Kigoma, katika vijiji vya Kibondo na Kasulu. Mkulima anahimizwa ajenge nyumba bora. Anachoonyeshwa kuwa ndicho kipimo cha ubora ni saruji na bati, vitu ambavyo mavuno yake ya maharage na mihogo hayawezi kuvinunua. Anacho udongo, anayo mimea yenye nyuzi, lakini maarifa ya kuviunganisha kwa kipimo hayamfikii. Basi anafyatua tofali la udongo mtupu. Masika yakibomoa ukuta, analaumiwa kwa uzembe na kwa kukosa moyo wa maendeleo. Tunauliza: je, si kudai tofali huku nyasi zimezuiliwa?

1. Jasho la Waha na uzi wa mkonge

Mkonge si mgeni kwa Waha. Mmea huo uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyotoka Florida, 62 tu ndiyo iliyosalimika. Kutokana na miche hiyo 62 yalienea mashamba ya Tanga, Morogoro na kwingineko, hata ikafika mwaka 1964 Tanganyika ikazalisha takriban tani 230,000 za katani, nayo ilikuwa mzalishaji mkuu duniani.

Ni nani waliokata majani yale? Wenyeji wa pwani hawakutosha, na wengi wao walikuwa na mashamba yao. Wenye mashamba ya mkonge wakaunda mwaka 1944 chombo cha kuajiri vibarua, kilichojulikana kwa jina la SILABU, nacho kikawatafuta watu katika mikoa ya mbali iliyonyimwa njia nyingine ya kupata fedha za kodi. Buha ilikuwa miongoni mwa mikoa hiyo. Vijana wa Kasulu na Kibondo walipakiwa katika reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, wakaenda kuwa manamba. Neno lenyewe linajieleza: mtu aliitwa kwa namba yake.

Nyuzi walizozikata zilifunga mizigo ya Ulaya na Marekani. Zilifanywa kamba za meli na kamba za kufungia mavuno ya wakulima wa huko. Babu zetu walizijua nguvu za uzi ule kwa mikono yao wenyewe, kwani miba yake iliwachoma na kamba zake waliziona zikivuta mizigo ambayo watu kumi wasingeivuta. Hata hivyo mfumo ule ulihitaji mikono ya Muha tu, haukuwa na haja ya kumwelimisha. Haukukusudia kwamba arudi nyumbani akijua kuwa uzi ule ule uliofunga mizigo ya wengine ungeweza kufunga ukuta wa nyumba yake.

Leo mkonge unaota katika mipaka ya mashamba na kando ya njia, na wengi huuona kama ua wa kuzuia mbuzi tu. Mwacha asili ni mtumwa, wahenga walisema. Mkonge kwa asili si wetu, lakini jasho lililoukuza ni letu.

2. Kazi ya uzi ndani ya udongo

Tunalazimika kueleza jambo hili kwa uwazi, maana upotoshaji hustawi penye giza.

Udongo wa mfinyanzi unapokauka hunywea. Ukinywea, hupasuka. Ufa mmoja mwembamba huingiza maji ya mvua, maji hulainisha kiini cha tofali, kipande humeguka, na baada ya misimu michache ukuta huinama. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii si ya mafumbo kwa mtu aliyejenga kwa udongo.

Nyuzi za mmea zilizokatwakatwa na kutawanywa vizuri katika udongo hufanya kazi mbili. Kwanza, huugawa mnyweo huo, hata badala ya ufa mmoja mkubwa hutokea vijiufa vidogo visivyo na madhara. Pili, tofali likipasuka baadaye kwa uzito au mtikisiko, nyuzi huzishika pande mbili za ufa zisiachane ghafula. Mtu aliye ndani hupata nafasi ya kutoka, na fundi hupata nafasi ya kutengeneza.

Hatusemi kwamba uzi hugeuza udongo kuwa jiwe. Uwezo wa tofali kubeba uzito wa juu yake hauongezeki sana kwa kutiwa nyuzi, na nyuzi zikizidi hujikunja mafundo na kulidhoofisha. Kipimo kinachofaa kwa katani ni kama nusu kilo hadi kilo moja kwa kila kilo 100 za udongo mkavu. Nyuzi zikatwe vipande visivyozidi urefu wa kidole, zitawanywe kidogo kidogo wakati wa kukanyaga, na udongo uachwe ulale usiku kucha kabla ya kufyatuliwa. Matofali yakaushwe kivulini siku za mwanzo, yageuzwe, na yasijengewe kabla ya majuma matatu au manne kupita. Pasipo mkonge, nyasi kavu zilizokatwa, nyuzi za migomba na makapi ya michikichi yanayobaki baada ya kukamua mawese yaweza kutumika, kila kimoja kwa kujaribiwa kwanza.

Na kujaribu hakuhitaji maabara. Chukua kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4. Kijaze udongo uliokandwa, ukauke, kisha sukuma vipande vyote upande mmoja na upime pengo lililobaki. Fanya hivyo kwa udongo mtupu, kisha kwa udongo wenye nyuzi. Pengo na nyufa zitakuambia ukweli bila kupendelea mtu.

3. Hoja za wapinzani

Wapo wanaosema: “Jambo hili lilijaribiwa, likashindwa.” Hawasemi uongo, ila wanasema nusu ya ukweli.

Katika miaka ya 1970 na 1980, nchi nyingi maskini, Tanzania ikiwemo, zilijaribu kuezeka nyumba kwa mabamba ya saruji yaliyotiwa katani badala ya asbesto. Saruji moja kwa mchanga mara tatu, na uzi kidogo: bamba lilipokuwa jipya lilikuwa imara. Baada ya miaka michache mengi yakapasuka. Wafadhili wakakata tamaa, na jina la katani likaharibika pamoja na mapaa hayo.

Sababu ilijulikana. Mtafiti wa Sweden, Hans-Erik Gram, alionyesha katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1983 kwamba maji yaliyomo ndani ya saruji yana ukali kama wa magadi, nayo huozesha kile kinachogandisha nyuzi za katani, hata uzi ukawa mkavu na wa kuvunjika. Aliyekosa ni mchanganyiko ule wa saruji, si uzi. Mafundi wakajifunza: wakaacha mabamba makubwa wakafanya vigae vidogo, ambavyo uzi huvisaidia katika siku za mwanzo za kukauka tu, na baadaye kigae hujitegemea. Nchini mwetu kazi hiyo ilishikwa na kitengo cha serikali cha utafiti wa majengo, BRU, kilichoanza mwaka 1971, na mrithi wake ni Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi, ulioundwa mwaka 2001.

Udongo wetu hauna ukali huo. Ndani ya ukuta wa udongo mkavu, uliofunikwa na paa pana na kuinuliwa juu ya msingi wa mawe, uzi hauliwi na saruji. Basi anayeutupa uzi katika ukuta kwa sababu ulishindwa katika bamba la saruji anafanana na mtu aliyetupa mbegu ya mpunga kwa sababu haikuota juu ya mwamba.

Wengine wanasema: “Mchwa watakula.” Mchwa wapo, hilo hatulikani. Lakini mchwa hula pia fito, milango na mapaa ya nyumba zenye saruji. Dawa yake ni msingi wa mawe usiopungua sentimita 30 juu ya ardhi, mfereji wa kuondoa maji, na kuta zinazokaguliwa. Ukuta mkavu hauwaiti mchwa. Ukuta uliolowa huwakaribisha.

Wengine wanasema: “Udongo ni hatari kwa tetemeko.” Hapa tunasikiliza kwa makini, kwa kuwa tunaishi kando ya Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea katika Ziwa Tanganyika. Tarehe 10 Septemba 2016, jirani zetu wa Kagera walipata tetemeko la 5.9 lililoua watu wasiopungua 17. Huko zilianguka nyumba za udongo, na zilianguka pia nyumba za matofali ya kuchoma. Kosa ni ukuta usiofungwa, uwe wa kuchoma au mbichi. Nchi ya Peru, ambayo tetemeko la tarehe 31 Mei 1970 liliua makumi ya maelfu ya watu wake, haikuwakataza maskini kujenga kwa udongo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha nchi hiyo kilijaribu kuta za udongo zilizotiwa matete ndani, wima na kwa ulalo, na serikali ikaandika kanuni rasmi za ujenzi huo. Kwao udongo na mmea vimo katika sheria. Kwetu vimo katika dharau.

4. Kuni za tanuri na turubai za wageni

Atasema mtu: “Basi tuchome matofali, tumalize ubishi.” Tunamwomba ahesabu miti. Kila tanuri la matofali hudai marundo ya magogo, na msitu wa miombo haurudi kwa msimu mmoja.

Nyanda hizi zimebeba mzigo ambao mikoa mingi haikuujua. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa mwezi Oktoba 1993, maelfu kwa maelfu walivuka mpaka. Kambi za Mtabila na Muyovosi zikajaa Kasulu. Kanembwa, Nduta na Mtendeli zikajaa katika wilaya ya Kibondo ya wakati ule. Mwezi Novemba 1996 ikafunguliwa Nyarugusu kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo. Mtabila ilifungwa mwaka 2012, lakini mwaka 2015 machafuko ya Burundi yalirudisha mkondo: Nyarugusu ikapita watu 100,000, Nduta ikafunguliwa upya mwezi Oktoba mwaka huo, na Mtendeli mwezi Januari 2016, hadi ilipofungwa tena mwaka 2021.

Watu hao wote walihitaji kuni za kupikia, miti ya kujengea na nyasi za kuezekea. Wenyeji walihitaji vivyo hivyo, kutoka msitu ule ule. Waliotumwa porini walikuwa wanawake na wasichana. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2000 jinsi wanawake wakimbizi katika kambi za Tanzania walivyoshambuliwa na kubakwa, wakiwemo waliokwenda kutafuta kuni. Kwa hiyo swali la tofali ni swali la amani pia. Kila tanuri lisilowashwa linabakiza mti karibu na kijiji, na kila mti uliobaki karibu unafupisha safari ya mama mmoja.

Tena tuulize juu ya turubai. Katika kila wimbi la wakimbizi ilishushwa mizigo ya plastiki kutoka ng'ambo, plastiki ambayo jua huila na upepo huichana. Baadaye, katika kambi hizo hizo, watu walianza kujengewa nyumba za mpito za matofali mabichi na bati, nalo ni jambo jema. Lakini fedha iliyonunua turubai haikununua hata mzigo mmoja wa nyuzi kutoka kwa mkulima wa Makere kwa kiwango ambacho kingefungua soko. Mwenyeji alitoa ardhi, maji na msitu. Biashara ikafanywa na wengine.

5. “Udongo Ulaya” na neno “ya muda”

Mwalimu Julius Nyerere, alipopima mwaka 1977 safari ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliwakemea wananchi waliokataa kujenga kwa vitu vilivyo miguuni mwao wakingoja bati na saruji. Aliuita ulevi huo kupooza kwa akili, akakumbusha kwamba hata saruji ni udongo, ila ni udongo Ulaya. Maneno hayo yalikuwa ya haki. Lakini haki haikutimizwa kwa kuyasema tu.

Tukumbuke kwamba serikali ile ile, katika Operesheni Vijiji iliyoanza Kigoma mwaka 1972, iliwahamisha Waha kutoka makazi yao yaliyotawanyika. Nyumba ya asili ya msonge, iliyofumwa kwa fito na nyasi, iliachwa. Watu wakaambiwa wajenge nyumba za pembe nne kwa mistari. Aina mpya ya ukuta ilidaiwa, lakini mafunzo ya ukuta huo hayakulingana na haraka ya magari yaliyowahamisha. Benki ya Nyumba iliyoundwa mwanzoni mwa miaka hiyo ilifungwa mwaka 1995, na mkulima wa kawaida wa milimani hakuwahi kuwa mteja wake. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza mwaka 1966, lakini kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilometa 1,200 za reli, na kutoka hapo lori hupanda mlima. Kila mkono unaoupokea mfuko njiani huongeza bei yake, na anayelipa mikono yote ni wa mwisho.

Hata hivyo kuna kitu kinachoumiza kuliko bei, nacho ni neno. Nyumba ya udongo huitwa “ya muda”, na mwenye nyumba naye huhesabiwa kama mtu wa muda. Akija mtathmini, nyumba hiyo huonekana haina thamani. Akija mkopeshaji, haihesabiki. Akija mgeni wa serikali, hupelekwa kwenye nyumba ya bati. Ukuta wa udongo uliotiwa nyuzi, uliojengwa juu ya mawe na kupigwa lipu kila baada ya misimu kadhaa, unaweza kumzika babu na kumlea mjukuu. Huo ni wa muda gani?

6. Tunachodai

Hatudai saruji ikatazwe. Msingi wenye maji, tangi na shimo la choo vyahitaji saruji, na mwenye uwezo ajenge apendavyo. Tunadai kwamba asiye na uwezo asihukumiwe kwa kipimo cha mwenye uwezo, huku akinyimwa maarifa ambayo yangeinua kile alicho nacho.

Kwanza, halmashauri za Kasulu na Kibondo, pamoja na Kakonko na Buhigwe zilizozaliwa kutoka kwazo, zijenge kila moja walau nyumba moja ya mwalimu au ya mganga kwa udongo wenye nyuzi, chini ya usimamizi wa wataalamu wa taifa, na hesabu ya gharama zake ibandikwe hadharani.

Pili, vyuo vya ufundi stadi na vyuo vya maendeleo ya wananchi vimfundishe kila mwanafunzi wa uashi kupima udongo, kukata nyuzi na kufunga ukuta, kama wanavyomfundisha kuchanganya zege.

Tatu, mashirika ya misaada yanayojenga kwa ajili ya wakimbizi au wenyeji yanunue nyuzi kwa wakulima wa wilaya hizi, kwa bei iliyokubaliwa na vikundi vyao. Mkonge wa mpakani hauhitaji shamba jipya wala mkoloni mpya. Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi ni kama kilo 4 tu. Kazi ya kuzitoa ni ngumu, na kazi ngumu hulipwa. Hatutaki manamba wa pili.

Nne, watathmini na watunga kanuni waache kuupima ukuta kwa jina lake. Waupime kwa msingi, kwa paa, kwa unyoofu na kwa namna ulivyofungwa.

Tano, parokia na jumuiya ndogondogo ziwe za kwanza kuonyesha njia. Jumuiya inaweza kufyatua matofali ya mjane mmoja kwa siku chache za ushirika. Hapo mahubiri ya sura ya 5 ya Kutoka yatakuwa na ukuta wa kuegemea.

Ndugu wananchi wa Buha, msiache mbachao kwa msala upitao. Na ninyi mlio na mamlaka juu ya mipango, fedha na kanuni, kumbukeni kwamba Farao alipigiwa kelele na watu waliotaka kitu kidogo tu: nyasi. Watu wa Kibondo na Kasulu hawaombi zaidi ya hapo. Wapeni maarifa ya nyasi zao, kisha njooni mhesabu matofali.